Shajara ya mradi: kutia tinti vioo vya Land Cruiser VX ya skeli ya 1/24

Jumamosi, asubuhi

Bodi imekwisha kupigwa rangi nyeupe na kung'arishwa, chasisi imesimama juu ya magurudumu yake, viti na dashibodi vimekaa mahali pake, na kazi kubwa iliyobaki kabla ya bodi na chasisi kufungwa pamoja ni vioo. Nimeamua kuifungulia kazi hii shajara yake yenyewe, kwa kuwa vioo ndivyo vinavyoamua kama mtazamaji ataona gari au ataona plastiki. Bodi inaweza kupigwa rangi kwa ustadi wa hali ya juu, lakini ikiwekewa vioo vyeupe mno vinavyoanika kila doa la gundi lililomo ndani, au vioo vilivyopakwa weusi mtupu usiopenyeka, jicho hukataa papo hapo.

Gari ninalojenga ni Toyota Land Cruiser ya mfululizo wa 80, toleo la VX Limited, kutoka seti ya plastiki ya Tamiya. Gari halisi liliingia sokoni Japani mwaka 1990, na msomaji wa Tanzania hahitaji kuelezwa, maana ni miongoni mwa magari yaliyobeba jina la shangingi katika barabara zetu. Ninalolitaka mimi ni lile la mjini Dar es Salaam: jeupe, kioo cha mbele na vioo vya milango ya mbele vikiwa wazi, na vioo vyote vilivyo nyuma ya dereva vikiwa na tinti ya rangi ya moshi, nzito ya kutosha kuficha sura ya abiria lakini nyepesi kiasi kwamba jua likipiga kutoka upande wa pili, migongo ya viti ionekane kama vivuli.

Tofauti hiyo ya mbele na nyuma si pambo la wenye magari tu. Sheria za Japani zinataka kioo cha mbele na vioo vya milango ya mbele vipitishe angalau asilimia 70 ya nuru. Uingereza inataka asilimia 75 kwa kioo cha mbele na 70 kwa vioo vya pembeni ya dereva, kwa magari yaliyoanza kutumika tangu Aprili 1985. Vioo vya nyuma ndivyo vilivyoachiwa uhuru. Mjenzi anayetia tinti nzito ya aina moja gari zima, kuanzia mbele hadi nyuma, anatengeneza gari ambalo huko lilikotoka lisingeruhusiwa barabarani, na hata mtu asiyejua sheria hizo huhisi kuwa kuna kitu hakijakaa sawa.

Jumamosi, mchana

Nimepima unene wa vioo vya seti kwa kaliipa, nikapata karibu milimita moja. Katika skeli ya 1/24, milimita moja ni sawa na milimita 24 za gari halisi, ilhali kioo cha mlango wa gari la kawaida kina unene wa milimita tatu hadi nne. Kwa maneno mengine, modeli hii imevaa vioo vyenye unene wa kutosha kuzuia risasi. Unene huo hauwezi kupunguzwa bila kutengeneza vioo vipya, lakini unaweza kufichwa, kwa sababu unaonekana kwenye kingo tu: nuru huingia kwenye uso wa plastiki, husafiri ndani yake, kisha hutokea ukingoni kama mstari mweupe unaong'aa. Dawa yake ni kuupaka ukingo wote rangi nyeusi isiyong'aa kabla ya jambo jingine lolote. Nimeiandika hapa kama kazi ya kwanza, kwa kuwa tinti yenyewe haimalizi mstari huo. Tena ukiachwa mweupe kando ya kioo cheusi ndipo unapojitokeza zaidi.

Jambo la pili la kuthibitisha lilikuwa aina ya plastiki. Vioo vya seti za kujenga ni vya polistairini angavu, plastiki ngumu lakini inayovunjika kwa urahisi na inayoogopa viyeyushi vikali. Bodi za magari ya kuchezea yanayoendeshwa kwa rimoti ni za polikaboneti, ambayo ni plastiki nyingine kabisa, na rangi zake hutengenezwa kwa kiyeyushi kinachoiuma ili ishike. Ndiyo maana kopo la sprei la Tamiya PS-31, ambalo jina lake pia ni moshi na ambalo hupulizwa ndani ya bodi za polikaboneti, halifai hata kidogo kwa vioo vyangu: lingezifanya nyuso za polistairini zichanike mistari midogo midogo na kuwa nyeupe. Ninayoitumia ni akriliki ya chupa ya Tamiya, X-19, yenye rangi ya moshi, inayoyeyushwa kwa thina yenye alkoholi, na ambayo polistairini huivumilia.

Kwa majaribio sitagusa vioo vya seti. Kasha gumu la CD ni la polistairini ileile, na makasha ya namna hiyo yamejaa nyumbani tangu muziki ulipohamia kwenye simu. Nimekata vifuniko vitatu kuwa vipande virefu vyenye upana wa vidole viwili.

Jumapili

Leo nimetengeneza ngazi ya tinti. Kipande cha kasha la CD kimefunikwa kwa karatasi, nikaiacha wazi sehemu ndogo ya mwisho na kuipulizia tabaka moja jepesi. Lilipokauka nikairudisha karatasi nyuma kidogo, nikapuliza tena sehemu zote zilizo wazi, na kuendelea hivyo hadi kipande kikawa na hatua sita, kila moja ikiwa na tabaka moja zaidi ya jirani yake. Chini ya kila hatua nimeandika idadi ya matabaka kwa kalamu ya wino usiofutika.

Ngazi hii inaonyesha jambo ambalo mkono peke yake hauwezi kulikadiria. Matabaka ya tinti hayajumlishwi, bali huzidishana. Ikiwa tabaka moja linapitisha asilimia 70 ya nuru, mawili hupitisha asilimia 70 ya hiyo 70, yaani 49, na matatu hupitisha 34 hivi. Kwa sababu hiyo tabaka la kwanza huonekana kama limefanya mabadiliko makubwa, kisha yanayofuata huonekana kama hayaongezi kitu, na hapo ndipo mtu hushawishika kupuliza kwa uzito. Nimeyalinganisha macho yangu na kitambuzi cha nuru cha simu, ambacho programu ya kupima mwanga husoma kwa kipimo cha luksi: nimeilaza simu chini ya taa, nikasoma namba, nikaweka kipande juu ya kitambuzi, nikasoma tena na kugawanya. Kifaa hiki si cha maabara, lakini kwa kulinganisha hatua moja na nyingine kinatosha, na chenyewe hakichoki wala hakizoei giza kama jicho linavyolizoea.

Kuna hesabu ya pili ambayo ni muhimu kuliko ya kwanza. Mtu anayetazama kiti cha nyuma akiwa nje ya gari anaona nuru iliyopita kwenye kioo mara mbili, mara ya kwanza ikiingia na mara ya pili ikitoka. Kioo kinachopitisha asilimia 35 kwa hiyo hukiacha kiti kikionekana kwa asilimia 12 tu ya mwangaza wake, na kioo cha asilimia 20 hukiacha na asilimia 4. Ukikishika kioo hicho mkononi mbele ya dirisha, unaona nuru iliyopita mara moja, na unadhani tinti bado ni nyepesi. Ukikifunga kwenye bodi, giza linajizidisha lenyewe. Hili ndilo ninaloliona kuwa kiini cha kazi nzima: tinti ya modeli haihukumiwi mezani, inahukumiwa ikiwa na viti nyuma yake.

Halafu liko suala la mwangaza wa mahali penyewe. Jua la adhuhuri linaweza kufikia luksi 100,000, wakati sebule yenye taa nzuri ina mia chache. Gari halisi lenye tinti ya asilimia 20 likisimama juani bado huachilia mwanga wa kutosha kuonyesha umbo la viti. Modeli yenye tinti hiyohiyo kwenye kabati la sebuleni huwa na mashimo meusi badala ya vioo. Nimeamua kulenga asilimia 40 hivi kwa vioo vya nyuma, na viti nilikuwa nimeshavipaka kijivu chenye weupe zaidi kuliko vya gari halisi kwa ajili hii hii.

Jumatatu, jioni

Nikitoka kazini nimepitia kwa fundi wa tinti huko Ilala, kijana anayefunga filamu kwenye magari kwa siku nzima bila kuinua kichwa. Nilimwomba anionyeshe mikunjo yake ya filamu, naye akanieleza kwa uvumilivu kwamba namba inayoandikwa, 5, 20, 35 au 50, ni asilimia ya nuru inayopita, hivyo namba ikipungua giza linaongezeka. Wateja wengi, kaka, alisema, huja wakitaja namba kubwa wakidhani ndiyo nyeusi zaidi. Alinikatia vipande vya pembeni vilivyobaki, na nimekuja navyo ili kuvilinganisha na ngazi yangu.

Kutoka kwake nimethibitisha pia jambo la mahali pa kupaka. Filamu hubandikwa upande wa ndani wa kioo, ambako wiper, vumbi na mvua haviigusi. Modeli nayo inafaidika kwa utaratibu huohuo: rangi ikiwa ndani, uso wa nje hubaki plastiki tupu inayong'aa kwa asili yake, na inaweza kufutwa na kung'arishwa bila hofu ya kuifikia tinti.

Kipande cha filamu ya 35 nilipokiweka kando ya ngazi kilionyesha tofauti ya rangi, si ya giza. Filamu yake ilikuwa kijivu safi chenye ubaridi kidogo. Rangi ya X-19 ina ukahawia, na ukahawia huo huongezeka kadiri matabaka yanavyoongezeka, hadi kioo kikafanana na chupa ya dawa. Kwa gari la miaka ya 1970 ningeuacha. Kwa hili nimeongeza buluu angavu, X-23, tone moja moja, nikijaribu kila mchanganyiko juu ya kasha la CD lililowekwa kwenye karatasi nyeupe, hadi kijivu kikasimama katikati. Buluu ikizidi kidogo tu, kioo huwa cha miwani ya jua, kwa hiyo tone la mwisho nimelichukua kwa ncha ya kijiti cha meno.

Jumatano, usiku

Kazi ya leo ni maandalizi, na imechukua muda mrefu kuliko nitakavyotumia kupuliza. Vioo vimekatwa kutoka kwenye fremu, mabaki ya plastiki yakaondolewa kwa wembe na msasa laini, na kila kioo kikakaguliwa chini ya taa iliyolazwa kwa pembe ili mikwaruzo ionekane. Mikwaruzo ya upande wa ndani lazima iondoke kabla ya tinti, kwa kuwa rangi hutuama ndani ya mfereji wa mkwaruzo na kuuchora upya kwa mstari mweusi. Nimepitisha msasa wa maji wa namba 2000 palipohitajika, kisha dawa ya kung'arisha ya Tamiya kwa madaraja yake matatu, kuanzia ile ya chembe kubwa hadi ya kumalizia, kwa kitambaa cha pamba chenye unyevu na bila kubonyeza. Ukibonyeza, polistairini hupata joto na kuvutika.

Baada ya hapo vioo vimeoshwa kwa maji ya uvuguvugu na tone la sabuni ya vyombo, vikasimamishwa kukauka chini ya bakuli lililofunikwa. Sivifuti kwa kitambaa kikavu, maana polistairini ikisuguliwa hujaa umeme tuli na kuvuta kila unyuzi ulio karibu.

Kisha kingo na mipaka myeusi. Mpira wa kuzunguka kioo huonekana kutoka nje kama fremu nyeusi, na nimeupaka upande wa ndani, kabla ya tinti. Mpangilio huu una sababu. Tepu ya kuzibia ikibandikwa juu ya tinti mpya inaweza kuondoka nayo. Lakini mpaka mweusi ukitangulia, tinti hupita juu yake na juu ya kioo kwa pamoja, na hakuna tepu inayoigusa tena. Rangi ya mpaka ni enameli, kwa sababu alkoholi iliyo katika akriliki haiiyeyushi. Mpaka wa akriliki chini ya tinti ya akriliki ungelainika na kutoa ukungu mweusi unaosambaa kioo kizima. Enameli hukauka polepole, kwa hiyo vioo vimerudi chini ya bakuli na havitaguswa hadi mwisho wa wiki.

Nilifikiria kuichora ile mistari ya kupasha joto kioo cha nyuma, kisha nikaiacha. Mstari wa milimita moja katika gari halisi ni milimita 0.04 hapa, na mstari wowote ninaoweza kuuchora kwa mkono ungekuwa waya wa umeme. Afadhali usiwepo.

Jumamosi, saa sita mchana

Nimesubiri saa hii kwa makusudi. Alfajiri na usiku hewa ya pwani huwa imelowa, na thina inayovukiza haraka hupoza uso wa plastiki hadi unyevu wa hewa unageuka matone juu yake na kunaswa ndani ya rangi kama ukungu mweupe. Kwenye bodi nyeupe ukungu huo hauonekani. Kwenye kioo unaharibu kila kitu. Mchana jua likiwa kali unyevu hupungua, na sakafu ya chumba niliimwagia maji kidogo kando ya kuta tu ili kulituliza vumbi.

Mchanganyiko wenyewe ni sehemu moja ya X-19 iliyokwisha kutiwa buluu, sehemu tatu za vanishi angavu ya X-22, na thina ya X-20A kiasi kinacholingana na jumla ya hizo mbili. Vanishi ndiyo siri ya usawa. Wengi huipunguza nguvu rangi ya moshi kwa kuongeza thina peke yake, na matokeo yake ni maji ya rangi yasiyo na mwili, yanayokimbilia pembezoni na kukauka yakiacha pete nyeusi kuzunguka kioo na weupe katikati. Vanishi huipunguza rangi bila kupunguza unene wa tabaka, hivyo tabaka hulala sawasawa na kujinyoosha lenyewe kabla ya kukauka.

Vioo vyote vya nyuma, yaani vya milango ya abiria, vya pembeni ya buti na cha mlango wa nyuma, nimevibandika juu ya ubao mmoja, uso wa ndani ukiwa juu, na kati yao nikaweka kipande cha kasha la CD kama shahidi. Vinapulizwa kwa pamoja, kwa mkono uleule na idadi ileile ya mapito, kwa sababu vikipulizwa kimoja kimoja hakuna namna ya kuhakikisha kuwa kushoto na kulia vitalingana. Eabrashi, ile kalamu ya kupulizia rangi kwa hewa, nimeifunga kwenye kompresa kwa shinikizo la baa moja. Kila pito linaanza nje ya ubao na kuishia nje ya ubao, mkono haugeuki juu ya kioo, na tabaka linalofuata linapita kwa mwelekeo wa kukata lile lililotangulia. Nimevaa barakoa ya kuchuja mvuke, na dirisha limekuwa wazi muda wote.

Baada ya kila tabaka nimemtoa shahidi, nikamshika nyuma ya bodi mahali pa dirisha, viti vikiwa ndani, chini ya taa ya sebuleni ambako gari litakaa. Tabaka la pili liliacha kila kitu wazi. Tabaka la tatu lilianza kuvifunika viti kivuli. Katika tabaka la nne vichwa vya viti vilibaki vikionekana dhidi ya dirisha la upande wa pili na mikanda ikapotea, na hapo nikaishusha kalamu. Kipimo cha simu kilitoa asilimia 41. Ubao umefunikwa kwa sanduku la kadibodi hadi kesho.

Jumapili, alasiri

Vioo vya mbele vimepata matibabu tofauti. Kioo halisi si cheupe kabisa. Chuma kidogo kilichomo katika mchanga wa kutengenezea huipa glasi ukijani unaoonekana vizuri zaidi ukiitazama kwa ukingo wake, na polistairini haina ukijani huo. Nimechanganya kiasi kidogo sana cha kijani angavu, X-25, ndani ya vanishi, nikapuliza tabaka moja kwenye kioo cha mbele na vya milango ya mbele. Ukivitazama peke yake husemi kwamba vina rangi. Ukiviweka kando ya kipande kisichopulizwa, kile kingine ndicho kinachoonekana kuwa plastiki.

Ukanda wa kuzuia jua juu ya kioo cha mbele nimeutengeneza kwa buluu na kijani, karatasi ya kuzibia ikiwa imeinuliwa milimita chache juu ya kioo kwa vidonge vya gundi laini ya kubandulika, ili rangi ipenye chini ya ukingo na kufifia polepole. Karatasi ikilala moja kwa moja juu ya kioo, ukanda huwa na mstari mkali, na ukanda halisi uliotoka kiwandani hauna mstari.

Jumanne, usiku

Vioo vimefungwa. Gundi ni ile nyeupe ya mbao, iliyopakwa kwa ncha ya kijiti kwenye ukingo wa ndani wa bodi, nayo ikikauka huwa angavu na ikivuja hufutika kwa maji. Gundi ya plastiki ingeyeyusha polistairini na tinti kwa pamoja, na supa gluu hutoa mvuke unaoacha vumbi jeupe juu ya kioo kilicho karibu, hasa ndani ya kabini iliyofungika. Gundi nyeupe haina nguvu nyingi, lakini kioo cha modeli hakibebi mzigo wowote, na siku kikihitaji kutolewa kitatoka bila kuvunjika.

Nimeliweka gari juu ya kabati, taa ya sebuleni ikiwa kushoto. Vioo vya milango ya mbele vinaonyesha usukani na dashibodi, na kuanzia nguzo ya katikati kwenda nyuma kabini inaingia kivulini bila kupotea. Kioo cha mlango wa nyuma, ambacho ni kipana na kilichosimama wima kuliko vingine, kinaonekana cheusi zaidi ya vile vya pembeni ingawa vyote vilipulizwa pamoja, kwa kuwa nyuma yake hakuna dirisha la karibu linaloingiza nuru. Nimekubali kibaki hivyo, maana ndivyo gari halisi linavyoonekana ukiwa nyuma yake kwenye foleni. Bodi itafungwa juu ya chasisi gundi ikishakauka kabisa, na baada ya hapo nitahamia kwenye mistari ya kromu ya milango.